Seymour Cray: Mhandisi aliyeizamisha kompyuta ili isiungue

Kila mwenye simu anajua hasara ya kuidondosha kwenye ndoo ya maji. Umeme na maji havikai pamoja. Hata hivyo, mwaka 1985 ilianza kuuzwa nchini Marekani kompyuta ambayo wakati huo ilihesabiwa kuwa na kasi kuliko nyingine zote, na sehemu zake za ndani zilikuwa zimelowa chapachapa. Bodi zake zote za umeme zilizama ndani ya kimiminika kilichokuwa kikipita katikati yake usiku na mchana, na bila kimiminika hicho isingefanya kazi hata kidogo.

Aliyeibuni ni Seymour Cray. Katika makala haya tunayasimulia maisha yake, kwa sababu kile kifaa cha kupozea kompyuta kwa maji ambacho vijana wa mijini siku hizi wanakifunga kwenye kompyuta zao za mezani kinapambana na adui yule yule aliyemsumbua Cray kwa zaidi ya miaka 30. Adui huyo ni joto, na hata simu yako anaisumbua.

Tuanze na joto lenyewe. Umeme unapopita kwenye waya au kwenye chipu, sehemu yake hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana simu inayochajiwa huku ikitumika huwa ya moto mkononi. Ndani ya kompyuta kuna sehemu iitwayo prosesa, ambayo ndiyo inayofanya hesabu zote, na humo vimejaa vijiswichi vidogo mno viitwavyo transista. Kila transista inapowaka na kuzima hutoa joto kidogo. Zikiwa nyingi, na zikiwaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde, joto hilo dogo dogo huwa kubwa, na lisipopata pa kutokea, prosesa hupunguza kasi, hujizima au huungua.

Sasa mtu anayetaka kompyuta ya kasi sana anakutana na mtego. Umeme una mbio, lakini mbio zake zina mpaka. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde hata mwanga wenyewe hausafiri zaidi ya sentimita 30, na ishara ya umeme kwenye waya huenda polepole kuliko mwanga. Kwa hiyo waya mrefu ni ucheleweshaji. Ukitaka kasi, sharti vipuri uvisogeze karibu karibu ili nyaya ziwe fupi. Na ukishavibananisha, vinakuwa kama abiria waliosimama kwenye daladala saa nane mchana, kila mmoja anamtolea mwenzake joto na hakuna upepo unaopita. Maisha ya kazi ya Cray yalikuwa ni kuvibana vipuri zaidi na zaidi, kisha kutafuta namna ya kulitoa joto.

Mtoto wa Chippewa Falls

Seymour Roger Cray alizaliwa tarehe 28 Septemba 1925 katika mji mdogo wa Chippewa Falls, jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mhandisi wa ujenzi. Mtoto alipenda vifaa vya umeme tangu udogoni, na inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka 10 hivi alitumia vipande vya chuma vya kuchezea kutengeneza mashine iliyosoma matundu kwenye ukanda wa karatasi na kuyageuza kuwa ishara za simu ya upepo.

Alimaliza sekondari mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, akaingizwa jeshini. Kazi yake ilikuwa ya redio. Alipelekwa kwanza Ulaya, baadaye Ufilipino, ambako alishiriki kazi ya kufumbua ujumbe wa siri wa jeshi la Japani. Vita vilipokwisha alirudi masomoni, akasomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha akachukua shahada ya pili ya hisabati mwaka 1951.

Kazi ya kwanza aliipata katika kampuni iitwayo Engineering Research Associates, mjini Saint Paul, iliyokuwa ndani ya jengo ambalo wakati wa vita lilikuwa kiwanda cha kuundia ndege zisizo na injini. Kompyuta wakati huo zilikuwa ngeni duniani, na hapakuwa na mtu wa kukufundisha namna ya kuzitengeneza, kwa hiyo kijana mwenye akili angeweza kuwa bingwa ndani ya miaka michache. Cray akawa bingwa. Mwaka 1957 baadhi ya wenzake, wakiongozwa na William Norris, walijitoa na kuanzisha kampuni yao, Control Data Corporation. Cray aliwafuata mwaka uliofuata.

Alikuwa mtu wa namna yake. Hakupenda mikutano wala simu za mezani kulia lia. Alichora mitambo yake kwa penseli kwenye karatasi za mistari ya miraba, na mara nyingi alifanya kazi usiku wakati wengine wamelala. Kampuni ilipomtaka aandike mpango wake wa kazi, inasemekana alijibu kwa mistari miwili tu: kwamba katika miaka mitano atajenga kompyuta kubwa kuliko zote duniani, na kwamba katika mwaka mmoja atakuwa amefikia sehemu moja ya tano ya kazi hiyo.

Mwaka 1962 aliwashawishi wakubwa wake wamjengee maabara huko huko kwao Chippewa Falls, mbali na makao makuu. Alitaka utulivu, na pia aliogopa vita vya nyuklia, ambavyo miaka ile Wamarekani wengi waliviona viko mlangoni.

Mzigo wa kuni na friji

Huko kijijini, kikundi kidogo kilitengeneza kompyuta iitwayo CDC 6600, iliyotoka mwaka 1964. Ilikuwa na transista zipatazo 400,000. Ili nyaya ziwe fupi, transista na vipuri vingine vilipangwa vimesimama kati ya bodi mbili, vimeshikana kama kuni kwenye mzigo. Kwa kweli jina la upangaji huo kwa Kiingereza limetokana na kuni zilizopangwa. Kila aliyewahi kufungua mzigo wa kuni mbichi anajua kuwa katikati yake hewa haipiti.

Hapa ndipo feni ziliposhindwa. Aliyeitwa kusaidia alikuwa Dean Roush, mhandisi aliyetoka kwenye kazi ya majokofu. Suluhisho likawa ni kuigeuza kompyuta kuwa friji. Ndani ya fremu yake walipitisha mabomba yenye freoni, ile gesi iliyokuwa ikitumika kwenye majokofu ya wakati huo.

Namna friji inavyofanya kazi si ngeni kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye mtungi. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu kidogo kidogo hupenya kwenye udongo na kukauka nje, na kila tone linapogeuka kuwa mvuke huondoka na joto. Kwenye friji ni kimiminika maalumu kinachogeuka kuwa mvuke ndani ya bomba, kinachukua joto, kinasukumwa na kompresa hadi nje, kinalitua joto hilo, kinarudi kuwa kimiminika na kuanza upya. Mtungi hupoteza maji yake, friji haipotezi kitu, labda bomba litoboke. Kutoboka huku tutakurudia.

CDC 6600 ilikuwa na kasi kuliko kompyuta yoyote ya wakati wake. Habari zake zilipotangazwa mwaka 1963, mkuu wa kampuni kubwa ya IBM, Thomas Watson, aliwaandikia wasaidizi wake barua kali. Alitaka kujua imekuwaje maabara yenye watu 34 tu, akiwemo mfagizi, iipite kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi. Inaelezwa kwamba Cray aliposikia swali hilo aliona kuwa Watson amekwisha kulijibu mwenyewe: uchache wa watu ndio uliokuwa siri.

Mwaka 1969 ikatoka CDC 7600, ya kasi zaidi. Iliyofuata, 8600, haikutoka kabisa. Cray alibana vipuri kupita kiasi, joto likawa jingi, viungo vya risasi vikawa vinaachia, na mashine haikukaa nzima hata kwa muda wa kuipima vizuri. Alitaka kuanza upya, lakini kampuni haikuwa na fedha za kumpa. Mwaka 1972 akaondoka kwa amani na kuanzisha kampuni yake, Cray Research, na kampuni aliyoiacha ikatia mtaji kidogo katika hiyo mpya. Tunaona hilo ni jambo la kiungwana ambalo halionekani mara nyingi katika biashara.

Kompyuta yenye umbo la kochi

Matunda ya kampuni mpya yalikuwa Cray-1. Picha yake ni rahisi kuitambua: mnara wenye umbo la herufi C, mrefu kuliko mtu, umezungukwa chini na kochi la kukalia. Wageni walidhani kochi ni la mapambo. Chini ya viti vyake vilifichwa vifaa vya kugawia umeme. Na ile C haikuwa urembo, kwani umbo la kujipinda liliwezesha nyaya zote kukutana upande wa ndani, na hakuna uliozidi mita 1.2. Nyaya hizo, maelfu kwa maelfu, zilifungwa moja moja kwa mkono, na wafungaji wengi walikuwa wanawake wa Chippewa Falls na vijiji vya jirani. Tunaona ni haki wakatajwa, maana katika simulizi za watu mashuhuri mikono ya namna hii hupitwa.

Mashine ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 5 na ilikula umeme wa kilowati 115 hivi. Pasi ya umeme ya kawaida hula kilowati moja. Piga picha basi pasi 115 zimewashwa kwa pamoja ndani ya kitu chenye ukubwa wa kibanda cha kuku, na hakuna hata moja inayoruhusiwa kumuunguza jirani yake. Bodi zilibandikwa kwenye mabamba ya shaba nyekundu, shaba ikavuta joto hadi kwenye nguzo za aluminiamu zilizokuwa na mabomba ya freoni, na freoni ikalipeleka nje.

Hapo ndipo mabomba yalipotoboka. Freoni huchanganywa na mafuta kidogo ili kompresa isikwame. Mafuta hayo yalianza kuvuja kwenye viungo kama ukungu, yakatanda juu ya bodi polepole mpaka zikapiga shoti. Kompyuta ya kwanza ilicheleweshwa kwa miezi 6 wakati mafundi wakitafuta namna mpya ya kuchomelea mabomba. Wasikilizaji walio mafundi wa majokofu watatabasamu, kwa sababu hadi leo hilo ndilo swali la kwanza la mtu anayetaka kununua kipozeo cha maji: je, kikivuja?

Cray-1 ya kwanza ilipelekwa mwaka 1976 katika maabara ya Los Alamos, ambako Wamarekani walitengeneza bomu la atomiki. Hatuoni sababu ya kulificha hilo. Wateja wakubwa wa mashine hizi walikuwa maabara za silaha za nyuklia, na fedha zao ndizo zilizoiwezesha kazi ya Cray. Yeye mwenyewe aliogopa vita vya nyuklia, na bado mashine zake zilitumika kuvipigia hesabu.

Wateja wengine walikuwa watu wa hali ya hewa, na hapa simulizi inagusa moja kwa moja mashamba yetu. Mwaka 1977 kituo cha utafiti wa anga cha Marekani kilichopo Colorado kilinunua Cray-1 kwa karibu dola milioni 9. Mwaka uliofuata nyingine ikafungwa nchini Uingereza, karibu na mji wa Reading, katika kituo cha nchi za Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa wa siku kadhaa. Tarehe 1 Agosti 1979 kituo hicho kilianza kutoa utabiri wake rasmi, na hesabu zilifanywa na mashine hiyo.

Utabiri wa mvua ni hesabu nyingi mno. Dunia hugawanywa katika miraba, na kila mraba huhesabiwa joto lake, upepo wake na unyevu wake, kisha hatua inayofuata, kisha inayofuata tena. Hesabu ya kesho ikichukua siku mbili kukamilika, haina faida kwa mkulima. Kwa hiyo kasi ndiyo iliyowezesha utabiri wa siku kadhaa mbele, na kasi hiyo isingepatikana bila kulitoa joto. Leo idara za hali ya hewa za nchi zetu hutumia pia matokeo kutoka vituo vikubwa vya dunia, kikiwamo kile cha Reading, zinapoandaa taarifa mnayoisikia redioni kabla ya kuandaa shamba.

Bwawa la mapovu

Cray alishachoka na mabamba ya shaba. Kwa kompyuta iliyofuata, Cray-2, alitaka kupanga bodi 8 moja juu ya nyingine kwa kubana sana hata bamba lisingepata pa kupita. Pasipo na nafasi ya bamba, kinachoweza kupita ni kimiminika tu. Lakini kimiminika gani kisichopitisha umeme?

Kampuni ya 3M ilikuwa ikitengeneza kimoja kiitwacho Fluorinert. Ukikitazama utadhani ni maji safi, lakini ni kizito kuliko maji, hakipitishi umeme, hakiunguzi na hakileti kutu. Vimiminika vya jamii hiyo vilikuwa hata vikifanyiwa majaribio na madaktari kama mbadala wa damu. Cray akaamua kuzamisha kila kitu humo. Kimiminika kilisukumwa kupita katikati ya bodi, kikabeba joto, kikaenda kulikabidhi kwa maji baridi kwenye mitambo ya pembeni, kikarudi. Kando ya mashine yalisimama matangi ya kioo ambamo kimiminika kilionekana kikitiririka kama maporomoko madogo, na mafundi waliotaka kufungua mashine walikisukumia kwanza huko. Watu waliipa kompyuta hiyo jina la utani la mapovu.

Kwa nje Cray-2 haikutisha, maana ilikuwa na kimo cha mita 1.1 tu, ikimfikia mtu mzima kifuani. Mashine za kwanza zilikwenda katika maabara ya Livermore na kituo cha NASA huko California. Kumbukumbu yake kubwa ilikuwa ya gigabaiti 2, kiasi kilichowashangaza wataalamu wa wakati ule. Leo simu nyingi za bei nafuu madukani zina kumbukumbu ya kiasi hicho au zaidi.

Kuna upande wa pili wa vimiminika hivi. Freoni ya zamani ilikuja kugunduliwa kuwa inatoboa tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua, na mwaka 1987 nchi zilitia saini Mkataba wa Montreal wa kuiondoa. Fluorinert haitoboi ozoni, lakini ikipotelea hewani ni miongoni mwa gesi zinazoongeza joto la dunia, na hudumu huko muda mrefu sana. Mashine iliyopoozwa ili isaidie kutabiri mvua ilipoozwa kwa kitu ambacho kikivuja kinaweza kuivuruga mvua yenyewe.

Kutoka maabara hadi mezani

Kompyuta ya mezani ya miaka hiyo haikuhitaji mambo haya. Prosesa yake ilikuwa na joto dogo. Lakini kila mwaka transista ziliongezeka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 vijana wenye shauku huko Marekani na Ulaya walianza kupoza kompyuta zao kwa maji, wakitumia rejeta ndogo za gari zile za kupashia joto ndani, na pampu za matangi ya samaki. Baadaye viwanda vikaanza kuuza vipozeo vilivyokamilika, vimejazwa maji na kufungwa tayari.

Kifaa chenyewe ukikiona hutaona kigeni, hasa kama umewahi kufungua boneti. Kuna kibamba cha shaba kinachokaa juu ya prosesa, pampu ndogo, mipira miwili, rejeta na feni. Maji yenye dawa ya kuzuia kutu hupita juu ya shaba, huchukua joto, huenda kwenye rejeta ambako feni hulipuliza nje, na hurudi. Tofauti na Cray-2 ni kwamba humu maji hayagusi umeme kabisa.

Kwa wale wanaofanya kazi na kompyuta za namna hii, tuseme kwenye studio ya muziki au ya video, ufungaji wake si wa kuogopa ila unataka utaratibu. Umeme unachomolewa kwanza ukutani. Prosesa hufutwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, mpaka pesti ya zamani iishe. Pesti hiyo ni uji mzito unaojaza vijinafasi kati ya prosesa na shaba, na kinachotosha ni kiasi cha punje ya njegere katikati, si kupaka kama siagi kwenye mkate. Shaba mpya huja na karatasi ya plastiki chini yake. Wapo wanaosahau kuibandua, kisha wanalalamika kwamba maji hayapozi. Skrubu hukazwa kwa kupishana pembe kwa pembe, kidogo kidogo, kama fundi anavyokaza nati za tairi, ili kibamba kilale sawa.

Halafu rejeta. Ndani ya vipozeo hivi daima hubaki hewa kidogo, na hewa hupanda juu. Ikipanda kwenye pampu, pampu itaunguruma na kufa mapema. Kwa hiyo rejeta hufungwa mahali ambapo sehemu yake ya juu iko juu kuliko pampu, mara nyingi darini mwa sanduku la kompyuta. Mwisho waya wa pampu huchomekwa kwenye bodi, na kompyuta ikiwashwa jambo la kwanza ni kutazama kipimo cha joto kabla ya kuanza kazi.

Maoni yetu ni kwamba kompyuta ya kawaida ya shule au ya duka la kuchapishia haihitaji maji. Feni nzuri inatosha, na kwa vumbi letu la kiangazi brashi laini kila baada ya miezi michache itasaidia kuliko rejeta ya bei kubwa. Simu nayo haina feni wala pampu. Ikipata joto hujipunguzia kasi, na baadhi huwa na kijibomba chembamba cha shaba chenye kimiminika kidogo sana kinachogeuka mvuke na kurudi, kazi ile ile ya friji bila kompresa. Usiiweke chajini chini ya mto wala kwenye dashibodi juani.

Mafahali na kuku

Nje ya kazi, Cray aliishi kimya. Alipenda mashua, na kuna simulizi kwamba kila mwaka aliunda mashua mpya, akaitumia majira ya joto, kisha akaichoma moto, ili mwaka ujao asifungwe na makosa ya ile ya zamani. Pia alichimba handaki chini ya nyumba yake. Rafiki zake walisimulia kwamba akikwama kazini alikwenda kuchimba, na kwa utani husema kuwa humo vijitu vidogo vya msituni humletea majibu. Siku moja mti uliangukia handaki na kulitoboa, naye akalitumia tundu hilo kuweka bomba la vioo la kuchungulia nje.

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Wenzake walianza kuona kwamba badala ya prosesa chache zenye nguvu kubwa, ni nafuu kuunganisha prosesa nyingi za kawaida. Cray alipinga. Mfano aliopenda ulikuwa wa kilimo: ukiwa na shamba la kulima, utachagua mafahali wawili wenye nguvu au kuku 1,024? Yeye alichagua mafahali. Wakulima wanaotusikiliza nao wangechagua hivyo. Lakini kuku wa kompyuta waligeuka kuwa rahisi kununua, kila mwaka walizidi kunenepa, na watu wakajifunza namna ya kuwapangia kazi.

Mwaka 1989 alijitenga na kampuni yenye jina lake, akahamia Colorado Springs na kuanzisha Cray Computer Corporation kutengeneza Cray-3. Badala ya silikoni alitumia chipu za mchanganyiko wa galiamu na aseniki, zenye mbio zaidi lakini ngumu kutengeneza. Vita Baridi vikaisha, bajeti za maabara za silaha zikapungua, na mteja wake mkuu akajitoa mwaka 1991. Cray-3 moja tu ndiyo iliyokabidhiwa, mwaka 1993, kwa kile kituo cha utafiti wa anga, nayo kwa majaribio. Machi 1995 kampuni ilifilisika, huku Cray-4 ikiwa mezani haijakamilika.

Alikuwa na umri wa karibu miaka 70, na angeweza kupumzika. Mwaka 1996 alianzisha kampuni nyingine, SRC Computers, na safari hii alikubali kubuni mashine ya prosesa nyingi. Mzee aliyeshikilia mafahali maisha yake yote alikuwa ameanza kuhesabu kuku. Hakufika mbali. Tarehe 22 Septemba 1996 alikuwa akiendesha gari kwenye barabara kuu ya Colorado Springs, gari jingine likasababisha ajali na lake likapinduka. Alilazwa na majeraha ya kichwa na shingo, akafariki tarehe 5 Oktoba, akiwa na miaka 71.

Jina lake bado limebandikwa kwenye mashine kubwa. Mwaka 2022 kompyuta iitwayo Frontier, iliyojengwa kwa mitambo ya Cray katika maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, ilikuwa ya kwanza kuthibitishwa katika orodha ya kimataifa kuwa inafanya hesabu zaidi ya bilioni bilioni kwa sekunde moja. Ina maelfu ya prosesa, kuku watupu. Mabamba ya shaba yamerudi juu ya prosesa hizo, na kinachopita ndani yake ni maji, tena ya uvuguvugu.